Bloge: ingali inaleta falanga, ao ni kazi ya bule?

Kuandika ku intaneti kulikuwa ndoto ya vijana wengi wa Lubumbashi, Goma na Bukavu. Leo falanga za matangazo zimepunguka, wasomaji wamehamia WhatsApp na TikTok, na akili bandia inajibu maulizo mbele mutu afungue ukurasa. Tumeketi na wale ambao wangali wanaandika, tukapiga hesabu pamoja nao, franka kwa franka.

Ni saa tatu ya usiku ku Katuba, Lubumbashi. Umeme umerudi kiisha siku mbili, na mwalimu mmoja wa hesabu anaunganisha mashini yake mbiombio, mbele usiende tena. Ku meza kuko daftari, kikombe cha chai na telefone mbili: moja ya kuongea na watu, ingine ya kutoa intaneti. Bibi yake anakusanya masahani. Mtoto wao wa kwanza, binti wa mwaka wa sita wa sekondari, anasoma ku upande mwingine wa meza ile ile, juu taa ni moja.

Mwalimu anafungua barua moja ku mashini na kunionyesha. Jina la bloge yake litaisha kiisha siku 19. Asipolipa, mutu mwingine anaweza kulinunua. Jina na nafasi ya kuwekea kurasa ni dola 65 kwa mwaka. Na mwezi ule ule, masomo imeomba falanga za binti za kushiriki Exetat, ule mtihani wa Serikali ambao unafunga sekondari.

"Yaya, unaona?" ananiambia kwa sauti ya chini. "Falanga ni ile moja. Nikilipa huku, kule kunabakia tundu. Mama wa watoto ananiuliza: hii bloge yako inatulisha, ao sisi njo tunailisha?"

Ulizo la huyu mama ni ulizo la watu wengi. Mwalimu ameomba tusiandike jina lake wala jina la masomo yake, lakini hesabu zake alituonyesha zote, bila kuficha.

Ilianza na Exetat

Mwaka 2019, mwalimu alichoka kuandika ubaoni maitemu yale yale kila mwaka. Akafungua bloge ya bule ku Blogger, akaanza kuweka maulizo ya hesabu na namna ya kuyajibu, moja kwa moja, kama anavyofanya mu darasa. Hakufikiri falanga. Wanafunzi wake walikuwa wanafungua kurasa kwa telefone za wazazi. Kiisha wakaja wanafunzi wa masomo zingine, kiisha wa Kolwezi, wa Kalemie, wa Bukavu.

Mutu yeyote aliyesoma Kongo anajua sababu. Exetat iko tangu mwaka 1967, na bila diplome ile mlango wa universite umefungwa. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tatu, jamaa yote inaishi ndani ya mtihani. Matokeo yakitoka, watu wanamwagiana pudre ku vichwa mu njia, magari yanapiga honi, na mama wanacheza mbele ya nyumba. Mwalimu alikuwa amegusa, bila kujua, kitu ambacho wasomaji wanakitafuta kwa kweli. Ile njo siri ya kwanza ya bloge: si uandishi mutamu, ni haja ya mutu.

Mwaka 2021 akanunua jina lake mwenyewe na akaomba kuweka matangazo ya AdSense, ule mpango wa Google ulioanza mwaka 2003. Mwenye bloge anaacha nafasi ku ukurasa, Google inaweka matangazo, na falanga ya mutangazaji inagawanywa. Kwa matangazo yanayopitia Google Ads, mwenye ukurasa anabakia na karibu dola 68 kwa kila dola 100. Zamani malipo yalikuwa zaidi kwa kubonyeza tangazo. Tangu mwanzo wa mwaka 2024, yanahesabiwa kwa mara tangazo linaonekana.

Kwa kusikia ni vizuri. Shida inaanza ku hesabu.

Dola 100 ni mbali

Google hailipi dola tatu ao dola kumi. Mpaka akaunti ifike dola 100. Sasa tuchukue mufano. Tuseme kurasa 1,000 zikifunguliwa zinaleta nusu dola. Ili kufika dola 100, bloge inaomba kurasa 200,000. Kama watu 500 wanafungua ukurasa mumoja kila siku, itachukua siku 400, ni kusema zaidi ya mwaka, kwa kupata malipo mamoja.

Na hapa kuko jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi. Tangazo halilipi sawa kwa kila msomaji. Kampuni inalipa kufuata inchi ambamo msomaji anakaa na vitu ambavyo anaweza kununua. Msomaji wa Bruxelles ao wa Montréal analeta zaidi kuliko msomaji wa Likasi, hata kama wote wawili wamesoma maneno yale yale. Wanafunzi wa mwalimu wetu ni wengi, lakini ni watoto wa Kongo wenye mega za kuhesabu. Wanafungua, wanakopia jibu, wanatoka.

Mbele ya dola 100 kuko mulango mwingine. Akaunti ikifika dola 10, Google inatuma barua ya posta yenye namba ya siri, kwa kuhakikisha anwani. Barua ya posta! Ku Katuba, anwani ni "karibu na kanisa, lango la majani, uliza nyumba ya mwalimu". Alingoja miezi mine. Barua haikufika. Aliomba ingine, nayo ikapotea mu njia. Mwisho akatuma picha ya kitambulisho chake, na mulango ukafunguka.

"Nilizania asema shida imeisha," anasema na kucheka. "Kumbe njo ilianza. Malipo ya kwanza ilifika ku banki, na banki ikakata yake. Mi nilikuwa nahesabia kila dola, nikaona inapunguka sawa sabuni mu maji."

Mwaka uliopita alipata malipo mamoja tu: dola 118. Banki ilikata dola 17. Zikabakia 101. Sasa weka upande mwingine: dola 65 za jina na nafasi, na dola 10 za mega kila mwezi, ni kusema 120. Jumla dola 185 zimetoka. Kwa matangazo peke yake, bloge ilimla dola 84.

Kwa hiyo bibi yake alikuwa na haki? Ngoja kwanza.

Goma: falanga ziko, mulango umefungwa

Ku Goma, mwanamke mumoja kijana anaandika juu ya chakula. Sombe, fumbwa, sambaza za Ziwa Kivu, namna ya kukausha samaki bila friji. Anaandika Kifaransa, na chini ya kila pishi anaweka Kiswahili cha kwao. Wasomaji wake wengi hawaishi Goma. Ni Wakongomani wa Ubelgiji, wa Ufaransa na wa Kanada, ambao wanatafuta ladha ya nyumbani na hawana shangazi wa kuuliza.

Wasomaji wake ni wachache kuliko wa mwalimu wa Katuba, lakini matangazo yalikuwa yanamlipa zaidi. Sababu tumeieleza: msomaji wa Ulaya ana bei ingine. Alikuwa anapata malipo mara tatu mu mwaka, na falanga ile ililipa nyumba ya mama yake.

Kiisha vita ikafika. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, waasi wa M23 waliingia mu mji, na banki za Goma zikafunga. Mwezi uliofuata, ikawa vile vile ku Bukavu. Falanga za bloge zilikuwa zinapitia banki. Google inaomba akaunti ya banki ibebe jina la yule anayelipwa, hawezi kuweka jina la binamu wa Gisenyi na kusema amemaliza.

"Nimesimamisha malipo," anatuambia kwa telefone. "Falanga inajikusanya kule, naiona ku kiyo ya telefone, lakini siwezi kuishika. Ni sawa kuona mukate kwa dirisha."

Hakuacha kuandika. Alichofanya ni kugeuza mlango wa kuingizia falanga. Sasa anauza viungo vya kusaga na sambaza za kukausha kwa watu wa Goma wenyewe, na wanamlipa kwa Airtel Money ao M-Pesa. Bloge inabakia kuonyesha kazi yake. Biashara inafanyika ku WhatsApp. "Mutu anasoma pishi, kiisha ananiandikia: dada, hivi viungo naweza kupata wapi? Njo pale falanga inaingia."

Tuandike neno hili vizuri, juu litarudi: tangazo la mutu mwingine linalipa kidogo, kitu chako mwenyewe kinalipa zaidi.

Siku ambayo kurasa 9,000 zilifunguliwa

Turudi Katuba. Mwalimu ana hadisi moja ambayo haipendi, lakini aliitoa mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kungojea matokeo. Mu vikundi vya WhatsApp kukapita habari kwamba matokeo yanatoka siku ile. Hakuna mutu wa wizara aliyekuwa amesema hivyo. Lakini mwalimu alikuwa amebakisha dola 12 tu kwa kufika 100, na mwanzo wa mwaka wa masomo ulikuwa unakaribia. Akaandika kichwa: "Exetat: matokeo yanatoka leo". Chini yake akaweka mistari sita isiyosema kitu.

Siku ile kurasa 9,000 zilifunguliwa. Zaidi ya mwezi muzima.

Kesho yake asubui, mama mumoja jirani alifika ku lango. Ameshika kopo ya pudre, amevaa kitambaa kipya, na anaimba. Mtoto wake alikuwa amemusomea maneno ya bloge. "Prof, ulisema yanatoka. Tumengoja usiku wote. Mtoto amepita ao hapana?" Majirani wakatoka. Mwalimu hakuwa na jibu.

"Nilifuta ukurasa mbele yake," anasema. "Lakini mambo ya haya haifutiki. Ile siku nilijua asema ninaweza kupata falanga kwa kudanganya watoto wangu mwenyewe. Na nilijua asema sitaki."

Kuko pia sheria. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Kongo ilipata sheria mupya ya uhuru wa habari, na tarehe ile ile Kanuni ya mambo ya numeriki. Habari za ku intaneti zimeingia ndani ya sheria, na kutawanya habari ya uongo kunaweza kumupeleka mutu mbele ya muamuzi. Mwenye bloge ndogo wa Katuba anasomwa na sheria ile ile kama kampuni kubwa ya Kinshasa. Wale wanaoishi kwa vichwa vya uongo wanapaswa kuingiza hatari ile ku hesabu yao.

Nani amechukua wasomaji?

Miaka ya 2000, bloge ilikuwa mahali pa kusema. Ku Kongo, Cédric Kalonji, aliyekuwa mwandishi wa Radio Okapi, alijulikana kwa Congoblog, ambamo alionyesha maisha ya kila siku ya Kinshasa. Mwaka 2010, RFI ilianzisha Mondoblog kwa wanabloge wa lugha ya Kifaransa. Mwaka 2016, Habari RDC ilikusanya vijana wanabloge wa pande zote za inchi, na mwaka ule ule Patient Ligodi alianzisha Actualite.cd, ambayo leo ni kazi ya habari kamili, yenye waandishi. Ku Tanzania, Issa Michuzi alianza bloge yake ya Kiswahili mwaka 2005, na picha zake zikawa gazeti la watu wengi walio mbali na nyumbani.

Hata kule njia haikuwa laini. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliweka kanuni ambazo ziliomba wanabloge kujiandikisha na kulipa ada na leseni zilizofika zaidi ya dola 900. Wengi wadogo walizima taa. Kanuni zile zilipunguzwa miaka iliyofuata, lakini somo lilibakia: ada moja tu inaweza kumaliza faida ya miaka.

Ku Kongo, waliozima taa hawakuzimwa na leseni. Walizimwa na WhatsApp. Mega ni bei, na forfe za bei ndogo mara nyingi ni za mitandao ya kijamii tu. Mwanafunzi mwenye forfe ya WhatsApp hawezi hata kufungua bloge. Anangoja rafiki akopie maneno na kuyatuma mu kikundi. Ukurasa unasomwa na watu 200, lakini umefunguliwa na mutu mumoja. Tangazo linalipa kwa yule mumoja.

Kiisha ikaja akili bandia. Tangu mwisho wa mwaka 2022, ChatGPT inajibu itemu ya hesabu mu sekunde, mara ingine vizuri, mara ingine kwa uongo wenye uso wa kweli. Na tangu mwaka 2024 Google yenyewe ilianza kuweka jibu lililotungwa na akili bandia juu ya orodha ya kurasa, kwanza Marekani, kiisha mu inchi nyingi. Msomaji anapata jibu, hashuki chini. Bloge ambayo ilikuwa inajibu "maana ya neno fulani ni nini" imepoteza kazi yake.

Vijana wengi wanasema: basi twende YouTube. Vizuri, lakini huko nako kuko mlango. Kwa kupata sehemu ya matangazo, chaneli inaomba watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa mu miezi 12, ao video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 mu siku 90. Na kupandisha video kunakula mega kuliko kuandika.

Wauzaji wa ndoto

Kuko kikundi kimoja ambacho bloge inakilipa vizuri kila wakati: wale wanaouza mafunzo ya kutajirika na bloge. Kijana mumoja wa Kampemba alitueleza namna alivyolipa dola 50 kwa "formasio" ya siku tatu. Walimuahidi dola 1,000 kila mwezi. Walimpa PDF moja, wakamuingiza mu kikundi, na siku ya ine kikundi kikafungwa.

Kabla ya kufungwa, walimfundisha kitu kibaya zaidi: kuomba marafiki wabonyeze matangazo ya bloge yake. Wandugu walibonyeza kwa moyo wote, asubui na mangaribi, wakisema wanamsaidia. Kufuata masharti ya AdSense, hiyo ni marufuku, na akaunti inaweza kufungwa na falanga kurudishwa kwa watangazaji. Yake ilifungwa na dola 61 ndani. "Jamaa yangu yote njo iliniua kwa upendo," anasema.

Kama mutu anakuahidi falanga nyingi kwa bloge, umuulize ulizo moja: kama inalipa vile, sababu gani anauza mafunzo kwa dola 50?

Hesabu yote, si nusu

Sasa tumalize hesabu ya mwalimu, juu tuliiacha nusu. Matangazo yalimla dola 84. Lakini chini ya kila ukurasa aliandika namba yake ya WhatsApp na mstari mumoja: "Kama hujaelewa, uniandikie."

Wakaandika. Wazazi 14 wakaomba afundishe watoto wao kwa kikundi, dola 5 kila mwezi kwa mtoto, miezi mitatu mbele ya mtihani. Ni dola 210. Akakusanya maitemu na majibu mu silabusi ya PDF, akaiuza dola 2. Alilipwa mara 120, ni dola 240. Anajua silabusi ile imepita mu telefone nyingi zaidi bila malipo, lakini haendi kugombana na watoto. Mwisho, masomo moja ya pekee ilisoma bloge yake na kumuomba awaandikie kurasa zao za intaneti. Ikamlipa dola 150.

Jumla ni dola 600, na hakuna hata moja iliyopitia tangazo. Ongeza zile 101 za Google: 701. Ondoa gharama 185: zinabakia 516. Kwa mwezi, ni dola 43.

Saa nazo? Mwalimu anaandika saa mbili kila usiku, siku tano, juma karibu 40 mu mwaka. Ni saa 400. Dola 516 kwa saa 400 ni dola moja na senti 29 kwa saa. Niliposema hesabu hii kwa sauti, binti aliinua kichwa. Bibi alisimama na masahani mu mikono. Mwalimu alinyamaza kidogo.

"Dola 43 si mushahara," alisema mwisho. "Lakini mushahara wangu unaweza kuchelewa. Ile 43 njo ilinunua unga mwezi wa kumi na moja. Na ile ya masomo ya pekee, hawangenijua kama singeandika."

Hapo njo jibu linaanza kuonekana. Bloge kama mashine ya matangazo, kwa mutu wa Kongo anayeandikia Wakongomani wa hapa, hailipi tena kazi yake. Bloge kama kibao ku mlango wa fundi, inayoonyesha watu unachoweza kufanya, ingali inalipa. Fundi shereheni haishi kwa kibao. Lakini bila kibao, nani atajua asema anashona?

Kama unataka kuanza leo

Wote tuliongea nao, wale waliofaulu na wale walioanguka, walirudia mambo karibu yale yale. Tunayaandika hapa kwa faida ya msomaji.

Anza bule. Usinunue jina wala nafasi mwaka wa kwanza. Kama hakuna mutu anayesoma ukurasa wa bule, jina la kulipia halitaleta wasomaji.

Chagua jambo moja ambalo unalijua kwa mikono. Si "habari na maisha". Mihogo inayooza, karatasi za kuomba pasipoti, maitemu ya hesabu, moteri ya TVS inayokataa kuwaka. Akili bandia inajua mambo ya dunia nzima, lakini haijui soko ya Kenya ya Lubumbashi bei zinabadilika namna gani mvua ikinyesha.

Fikiri msomaji wako anakaa wapi. Kama ni ng'ambo, matangazo yanaweza kukusaidia. Kama ni hapa, andika kwa kuuza kazi yako ao kitu chako, na upokee kwa telefone.

Andika mafupi, picha kidogo. Msomaji wako analipa mega kwa kukusoma. Ukurasa muzito unafungwa mbele ya kufunguka.

Kiswahili usikiogope. Ni moja ya lugha ambazo AdSense inakubali, na ku intaneti kungali nafasi kubwa kwa yule anayeeleza mambo ya kazi kwa lugha ya watu. Yule dada wa Goma anasema ni sehemu ya Kiswahili ambayo watu wanakopia na kutumia mama zao.

Usikopie ya wengine, usibonyeze matangazo yako, usiandike usichojua. Na kila mwisho wa mwezi, andika mu daftari kile kilichoingia, kile kilichotoka, na saa ulizotumia. Kama kiisha mwaka muzima hesabu inakuambia hapana, isikilize.

Siku ya 17

Nilirudi Katuba siku mbili mbele ya mwisho. Nilitaka kujua mwalimu alichagua nini.

Alikuwa amelipa falanga za Exetat za binti. Zile za kwanza, zote. Kwa bloge alibakia na dola 20. Alilipa jina tu kwa mwaka, dola 14, na akaacha ile nafasi ya kulipia. Kurasa akazirudisha ku Blogger, kule kwa bule alikoanzia, jina likielekea huko. Matangazo aliyaondoa. "Yalikuwa yanakula mega ya watoto kwa kuniletea senti," alisema. Ku mahali pa matangazo aliweka silabusi na namba ya WhatsApp.

Bibi yake alikubali? "Nilikubali kwa mwaka mumoja," alijibu yeye mwenyewe kutoka mu jikoni. "Tutahesabu tena."

Umeme ulikuwa umeenda. Binti alikuwa anasoma itemu moja ya bloge ya baba yake ku telefone, kwa mwanga wa mushumaa. Akakunja uso.

"Papa, ku namba saba umekosa. Jibu si tatu, ni hasi tatu."

Mwalimu alichukua telefone, akaangalia muda mrefu, akahesabu kwa vidole ku meza. Ukurasa ule umefunguliwa tangu mwaka 2020. Hakuna mutu aliyekuwa ameona, wala wanafunzi, wala wale wanaokopia.

"Ni kweli," alisema. Akachukua kalamu, akaandika kosa ku karatasi ndogo, akaliweka chini ya kikombe, kwa kulitengeneza umeme ukirudi.